Picha ya Saba ya Bibi Mloka

Tangu nirudi kutoka Uluguru, kila anayeingia chumbani kwangu hutazama ukutani, huzihesabu picha, kisha huuliza swali lilelile. Sita za kwanza ni za bibi kizee mmoja, ameketi juu ya jiwe lilelile, mbele ya mlango uleule. Ya saba ni ya mwanamke kijana, na pembeni yake pana kitu kama moshi uliovaa kanzu. Wenzangu, mmenisema vya kutosha. Mmoja kasema nimezeeka, mkono unatetemeka. Mwingine kasema nimeoa kimyakimya ili nisiwalishe pilau. Nimechoka kujibu nusunusu mlangoni, vidole vimelowa dawa, kwa hiyo naandika safari yote mara moja, msome, mniache nifanye kazi.

Kutoka Dar es Salaam hadi Ngerengere

Nilipanda gari la moshi asubuhi, kisanduku cha vioo mapajani. Vilikuwa vioo kumi na viwili, vile vya kupigia picha, ambavyo vikiona mwanga kabla ya wakati wake basi vimekwisha. Kamera na miguu yake mitatu niliifunga kwa blanketi nikaiweka chini ya miguu yangu. Watu walinitazama kama mtu aliyebeba yai. Sikujali.

Nilikuwa na haja moja tu: nimkute Bibi Mloka hai, nimpige picha ya saba. Mwaka uliotangulia nilimwacha anakohoa, kikohozi kikavu cha usiku na mchana, na kile kikohozi nilirudi nacho masikioni Dar es Salaam. Nilikisikia nikiosha vioo, nilikisikia nikila. Kila mwaka masika yakiisha mimi hupanda kwenda kwake, na mwaka huu masika yalichelewa kuisha, nikakaa chumbani nahesabu mvua.

Ngerengere gari likasimama. Wakasema maji ya mashine yamekwisha, baadaye wakasema si maji, ni chuma fulani kimevunjika, na kwamba kingine kitaletwa kutoka pwani. Tulikaa pale mpaka jua likahama upande. Wenzangu wa behewa wakashuka, wakawasha moto, wakajuana majina, wakagundua mmoja ni shemeji wa mwingine. Mimi nilibaki na kisanduku changu. Sijui kwa nini huwa hivyo. Nikiwa peke yangu nawatamani watu, nikiwa na watu natafuta pembe.

Mama mmoja mtu mzima alinijia na mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akakaa bila kukaribishwa. Aliuliza kilichomo kisandukuni, nikamweleza. Akafikiri, akaniuliza kama naweza kumpigia picha mwanawe aliyechukuliwa uaskari, ambaye hajamwona mwaka wa tatu sasa. Nikamuuliza yuko wapi. Akasema hajui, pengine Tabora, pengine mbali zaidi, lakini sura yake anaikumbuka vizuri na angenielekeza. Nilimjibu kwa ukavu, kwamba picha hupigwa mtu aliyepo. Akaniachia mihogo, akaenda zake. Nilikula ile mihogo kwa aibu, na nyinyi mnajua mimi nikiona aibu huwa mkali zaidi.

Kwa sababu hatukuwa na la kufanya, nilikumbuka namna nilivyomfahamu Bibi. Wakati ule nilikuwa mtumishi wa Mgoa mmoja, Mhindi wa Goa, mwenye duka la picha hapa mjini. Alinifundisha kuosha vioo, kuchanganya dawa, na kuwaweka watu mbele ya pazia lililochorwa bustani, mkono juu ya kiti, kidevu juu. Akaja Mjerumani mmoja mwenye kukusanya sura za watu. Aliwataka wa kila kabila, uso mbele, uso upande, na namba kifuani. Mgoa akanitoa nimbebee mitambo. Reli ilikuwa haijafika, tukaenda kwa miguu mpaka milima ya Mgeta, na huko watu wakaamriwa na jumbe wajipange.

Walijipanga. Zamu ya Bibi ilipofika, akakaa uso mbele. Walipomwambia ageuke, akakataa. Mkalimani akamwambia mara tatu, akamtishia. Bibi akasema kwa Kiswahili, taratibu, ili hata mimi nisikie: "Anayetaka kuniona, na mimi nimwone." Mjerumani akachoka, akamwita anayefuata. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa cheusi, nikajikuta nacheka peke yangu, na Bibi akaniona nikicheka.

Mwaka uliofuata nilinunua kamera kuukuu ya yule Mgoa nikarudi kwake peke yangu. Picha ya kwanza niliipiga kutoka mbali, kwa kuogopa, Bibi anaonekana mdogo kama kuku mlangoni. Ya pili nikatia kila kitu: nyumba, mgomba, mlima, mbuzi. Nilidhani ufundi ni kuenea. Ya tatu nikasogea. Ya nne nikasogea zaidi, mpaka mishipa ya mikono ikaonekana. Ya tano nikagundua kwamba asubuhi mwanga unamjia kutoka bondeni, nikaacha kumwambia ainue kidevu. Ya sita, ile ya kikohozi, sikumwambia chochote kabisa. Alikaa, nikahesabu, basi. Kila nilichokijua katika kazi hii nilijifunza juu ya lile jiwe, na huku mjini napiga maharusi na makarani mbele ya bustani ya rangi.

Na kuna jambo jingine. Mwaka ule wa kwanza aliniuliza mimi wa ukoo gani. Nikamwambia sina ukoo. Mama yangu aliletwa pwani mtumwa akiwa mtoto, akanizaa mimi, akapewa uhuru, akafa. Jina langu Feruzi nilipewa na watu wasio ndugu zangu. Bibi alifikiri sana, kisha akasema kwamba mtu hawezi kukaa hivyo, na tangu siku ile akaniita mjukuu wangu. Mwaka jana aliniuliza mama yangu aliitwa nani, si lile jina la utumwani, bali lile alilopewa na mama yake. Sikuwa tayari. Nikamwambia nikirudi nitamjibu.

Gari liliondoka jua linaelekea kuzama.

Morogoro mjini

Morogoro mimi hufikia kwa Bwana Walji, Mhindi mwenye duka la chumvi, nguo na mafuta ya taa. Ana chumba cha nyuma chenye magunia, na hunipa chai na chapati bila kuuliza maswali mengi, kwa sababu yeye mwenyewe kaacha nduguze Kachi, huko Uhindini, na hapendi kuulizwa. Tunaweza kukaa saa nzima tukinywa chai bila neno. Ni rafiki wa namna hiyo.

Nilikusudia kuondoka kesho yake alfajiri na Kibwana, mchukuzi wangu wa Mwembesongo, Mzigua aliyekuja mjini na kazi ya reli. Lakini habari ya mpiga picha ikamfikia mzungu mmoja mwenye shamba la mkonge, akatuma askari. Kwa siku zetu hizi askari akija huulizi, unaondoka. Nilidhani anataka picha ya mkewe. La, alitaka picha ya mbwa.

Alikuwa mbwa mkubwa, mwekundu, mwenye furaha isiyo na kiasi. Kila nilipoingia chini ya kitambaa, naye aliingia. Bwana yule alinishutumu mimi kwa kuwa mbwa hatulii. Vioo vitano vilikwenda pale, vitano vizima, na katika vyote pengine kimoja kina mbwa mwenye kichwa. Nikalala siku ya pili kwenye magunia ya Bwana Walji, nimenuna.

Asubuhi akaingia dukani mtu wa milimani kununua chumvi. Nilimtambua kwa namna anavyovuta maneno. Nikamwamkia, nikamuuliza kama anamfahamu Bibi Mloka wa kule juu, na kama hajambo.

"Mloka? Yupo," alisema. "Hajambo kabisa."

Nilishika kaunta ya Bwana Walji. Nikamuuliza tena, na kikohozi je? Akasema kikohozi kilikwisha siku nyingi. Bwana Walji akanitazama, akanimiminia chai nyingine, akatia sukari zaidi ya kawaida.

Mlali

Safari ya kuzunguka mguu wa mlima hadi Mlali ni ya siku nzima, na mwaka huu niliitembea kama kijana. Nilimwimbia Kibwana nyimbo za ngoma za Dar es Salaam mpaka akaniomba niache. Njiani tulikutana na wachukuzi wa ulanga, wale wanaoteremsha mawe yale ya kung'aa kutoka machimboni, vumbi lake limewaganda mabegani na kwenye kope. Jua lilipowapiga waling'aa wote kama samaki. Kwa furaha niliyokuwa nayo nikawasimamisha, nikatumia vioo viwili. Mwaka mwingine nisingethubutu, ningevitunza vyote kwa Bibi. Lakini si yupo, hajambo?

Mlali tulipokelewa na mzee mwenye nyumba kando ya kijito, nikamwachia vile vioo viwili vya wachukuzi anitunzie. Tulikula magimbi na maharage, na mkewe akaongeza mboga ya majani ya maboga, tamu mno. Nikamuuliza na yeye habari za Bibi Mloka, si kwa wasiwasi tena, kwa kutaka tu kusikia jina lake likitajwa. Mzee akasema yupo, na siku hizi ana nguvu, juzi alimwona analima shamba la juu peke yake.

Nikasema ni dawa ipi hiyo iliyomfaa. Mzee akanitazama bila kuelewa, mimi nikadhani hasikii vizuri. Kibwana alisema pengine alipelekwa kwa mapadri, wana dawa za vifua. Nikakubali. Mtu akitaka kuamini jambo, haulizi mara mbili.

Kupanda

Kutoka Mlali njia inasimama wima. Kibwana alibeba kamera na chakula, na alitaka kubeba kisanduku cha vioo pia, kwa sababu yeye ana miguu ya mlima na mimi nina miguu ya sakafu. Nilikataa. Nilimwambia vioo hivi haviguswi na mtu. Nilisema kwa kiburi, na yeye akasema haya.

Karibu na pale njia inapokata kijito kwa mara ya tatu, udongo mwekundu ulikuwa bado umelowa. Nilikuwa natazama juu, natafuta moshi wa nyumba ya Bibi. Mguu ukaenda. Niliteleza kwa matako kama mtoto hadi kwenye mawe, na kisanduku kikatangulia mbele yangu. Nilikisikia kikilia ndani.

Tulikaa kando ya njia. Nikatia mikono ndani ya mfuko wangu mweusi, ule wa kubadilishia vioo, nikapapasa kimoja kimoja bila kuona. Cha kwanza vipande. Cha pili vipande. Cha tatu, cha nne, vipande, na damu kwenye kidole. Cha tano kilikuwa kizima. Nilikipapasa pembe zote nne mara nyingi. Kibwana hakunikumbusha kwamba alitaka kukibeba yeye, na mpaka leo namshukuru kwa hilo.

Nilijiambia kimoja kinatosha. Bibi hajambo, Bibi atakaa kama anavyokaa siku zote, nami nitahesabu hadi sita, na picha ya saba itakuwa tayari. Tukaendelea. Bustani za viazi vya Kizungu na kabichi zilianza kuonekana kwenye ngazi za mlima, na baridi ikaanza kuuma masikio.

Juu ya jiwe

Tulifika kabla ya adhuhuri. Aliyetoka mlangoni alikuwa Zaina, binti wa binti yake Bibi, mwanamke wa miaka kama ishirini. Miaka yote sita ndiye aliyeniletea maji ya kunawa, na kila mara alipiga goti akisema shikamoo, nami nikimwitikia bila kumtazama sana. Safari hii alikuwa amevaa kaniki ya Bibi, ile yenye kiraka begani ninachokijua kama kidole changu. Tumbo lake lilikuwa kubwa, mimba ya miezi saba au zaidi. Alisimama, akanitazama, wala hakuniamkia.

Nikangoja shikamoo yangu. Yeye akangoja. Nikadhani ndoa imemtia jeuri. Tulisimama hivyo mpaka Kibwana akakohoa.

"Zaina," nilisema, "Bibi yuko wapi?"

"Ndiye mimi," akasema.

Sikucheka. Nilimwambia kwa ukali kwamba sikutoka Dar es Salaam nije kufanyiwa mzaha, na kwamba amwite Bibi haraka, mwanga usije ukaondoka. Hakukasirika. Alisema tena, taratibu, kama unavyomwambia mgeni, kwamba Mloka ni yeye, na kwamba amekuwa akiningoja.

Hapo akatoka mjomba wao, ndugu wa tumbo moja wa Bibi, ndiye mkubwa wa ukoo, wenyewe humwita mndewa. Alinivuta kando akanieleza. Bibi alifariki mwezi wa pili baada ya mimi kushuka. Matanga yalipoisha, ukoo ulikaa, ukamchagua Zaina. Akanyolewa, akakabidhiwa jembe, kaniki, kigoda na jina. Tangu siku ile yeye ndiye Mloka. Mashamba ya Mloka ni yake, wajukuu wa Mloka ni wake, na hata mjomba mwenyewe sasa humwita dada. Kuuliza Mloka amekufa lini ni tusi, maana Mloka yupo. Wote walioniambia njiani hawakunidanganya.

Sikutaka kuelewa. Nilimwambia mjomba kwamba mimi nilikuwa na mtu mmoja duniani, na wao wamemzika bila hata kunitumia salamu, halafu wanamvalisha mtu mwingine nguo yake. Nilisema maneno mabaya zaidi ambayo sitayaandika. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule uliyemjua wewe naye alirithi," alisema. "Alipokuwa msichana aliitwa jina jingine. Hukuwahi kumuuliza?"

Sikuwahi. Miaka sita nilimpiga picha, nikajivunia kwamba najua kila mshipa wa mikono yake, na jina lake la utotoni sikuwahi kuuliza.

Nikaomba nionyeshwe kaburi. Nilikuwa nimeamua kwamba kioo changu cha mwisho ni cha kaburi, kisha nitashuka na sitapanda tena. Lilikuwa nyuma ya migomba, tuta la udongo ambalo nyasi zimeanza kulichukua, na juu yake chungu kilichotobolewa. Nikasimamisha miguu mitatu, nikaingia chini ya kitambaa cheusi. Mnajua kwamba ndani ya kamera kila kitu huonekana kichwa chini. Nililiona tuta limening'inia hewani, chungu chini yake, na nyasi. Nilisogea mbele, nikarudi nyuma, nikatafuta mwanga. Hapakuwa na kitu. Nilimkumbuka yule mama wa Ngerengere na mihogo yake, na jinsi nilivyomjibu, nikalia chini ya kitambaa, mahali ambapo hakuna anayemwona mtu.

Ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Nikakunja vitu vyangu bila kufungua kifuniko cha kamera.

Niliporudi mbele ya nyumba, alikuwa amekaa juu ya jiwe. Sijui alikaa muda gani, lakini umande wa ukungu ulikuwa umeshika kwenye nyusi zake, kwa hiyo haukuwa mdogo. Mikono juu ya magoti, uso mbele, anatazama moja kwa moja pale ambapo mimi husimama. Hakuna aliyemwambia akae hivyo. Nilisimama na kamera yangu begani, mtu mzima wa miaka arobaini, mvi kidevuni, mbele ya binti aliyekuwa akininawisha.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Mwaka huu umechelewa."

Nikamwambia masika yalichelewa kuisha. Akasema ndiyo, hata viazi vilichelewa. Kisha akanieleza kwamba siku zile za mwisho za kikohozi alikabidhiwa mambo yote: shamba gani lina mgogoro na jirani yupi, kuku yupi ni wa nani, nani amenuniana na nani. Na kwamba yuko mjukuu wa pwani, huja masika yakiisha, mkali lakini hana neno, asiachwe ashuke na njaa.

"Nilikuuliza jina la mama yako," alisema. "Ukaniambia utanijibu ukirudi. Umerudi."

Kibwana alijifanya anafunga kamba. Mimi nikachuchumaa karibu na jiwe, nikamtajia. Mama aliniambia jina lile mara moja tu, nikiwa mdogo, akaniomba nisilitaje mbele za watu maana wangemcheka. Sikuwa nimelitamka kwa sauti maisha yangu yote, na lilitoka kinywani kama la mtu mwingine. Nyinyi sitawaandikia, msiniulize. Mloka alilirudia mara mbili, ahakikishe analitamka sawa.

Kisha akanisogezea nafasi kwenye jiwe. Alisema kila mwaka najificha chini ya nguo nyeusi, yeye hajui hata anamtazama nani, basi leo nikae. Nilikuwa na kioo kimoja. Nilimweka Kibwana nyuma ya kamera, nikamwonyesha kifuniko, nikamwambia akivue, ahesabu sita polepole, akirudishe. Ukungu ulikuwa mzito, nisingeweza kupunguza hesabu. Nikaketi. Jiwe lilikuwa na baridi, na pale nilipokaa palikuwa pamelainishwa na miaka.

Kibwana akavua kifuniko. Moja. Mbili. Kwenye tatu Mloka akaniwekea mkono begani, ule mkono wake tu, mwili wake haukutikisika hata kidogo. Mimi niliyewakemea watu miaka yote hiyo, usipumue, usipepese, tulia kama uliyekufa, nilitikisika kutoka tatu mpaka sita. Huo ndio moshi mnaouona ukutani. Wala sijazeeka, wala sijaoa.

Kushuka

Jioni ile tulikula ugali na kunde, mjomba akiwa kwenye kigoda chake. Mloka akamwambia mbele ya wote kwamba akijifungua mtoto wa kike, atampa jina la mama yangu. Mjomba aliweka tonge chini. Alisema haiwezekani, majina ya ukoo ni ya ukoo, jina la mgeni halirithiwi humu ndani. Mimi nilimuunga mkono kwa haraka, sikutaka ugomvi. Mloka akamuuliza kama mimi si mjukuu wake. Mjomba akasema mimi ni mjukuu wake, hilo kila mtu analijua.

"Basi mama yake ni mwanangu," alisema Mloka. "Jina la mwanangu ni la nani?"

Mjomba akalitazama tonge lake, akaliokota, akala. Ndivyo jambo lilivyokwisha.

Nilishuka kesho yake. Kisanduku kilikuwa na kioo kimoja kilichofanya kazi yake, na nilimwachia Kibwana akibebe. Njia nzima sikuimba. Morogoro Bwana Walji aliniuliza kama nimempata Bibi, nikamwambia nimempata, hajambo. Nilijisikia nikisema hivyo na nikaona kwamba sikudanganya.

Mlichokiona ukutani, basi, mmekwisha kuelezwa. Lakini juzi nimepata barua ya Bwana Walji, imeletwa na gari la moshi, kaandika kwa herufi zake za kiduka. Anasema Kibwana alikuja dukani na ujumbe kutoka juu, akamwomba aniandikie kama ulivyo bila kubadili. Ujumbe wenyewe ni mfupi: mama yako amefika, hajambo, analia sana.

Nimeisoma mara nyingi. Masika yakiisha napanda, nikamwamkie.